Boxer 150, TVS HLX 125, ya Kichina au Pulsar iliyotumika: kuchagua pikipiki ya kati kwa fedha za kubana

Mtu aliyekusanya fedha zake kwa mwaka mzima ili anunue pikipiki, akifika Kariakoo au katika maduka ya mji wowote mkubwa wa Tanzania, hukuta kwamba kiasi alicho nacho kinamweka njia panda. Kinatosha kununua pikipiki mpya ya kawaida, na kinaweza kubakiza chenji akichagua ya Kichina, lakini hakitoshi kununua pikipiki mpya ya kimichezo, ingawa kinatosha kununua ya aina hiyo iliyokwisha kutumika. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo: anayetaka pikipiki ya lami na ya vumbi kidogo, ya kumpeleka kazini na kumrudisha, na pengine kumfikisha Morogoro au Korogwe mara chache kwa mwaka.

Ninaposema pikipiki ya kati ninatumia kipimo cha kwetu. Ulaya na Marekani jina hilo hupewa pikipiki za cc 500 hadi 700 (cc ni kipimo cha ujazo wa injini), ambazo hapa huonekana kwa nadra. Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, ukubwa wa kati ni cc 125 hadi 160, na katika fungu hilo nimechagua nne: Bajaj Boxer BM150 mpya, TVS HLX 125 mpya, pikipiki mpya ya Kichina ya cc 150 yenye injini ya muundo wa CG, yaani muundo wa zamani wa Honda nitakaoueleza hapo chini, na Bajaj Pulsar 150 au TVS Apache RTR 160 iliyotumika. Kwa msomaji asiyezoea biashara hii, naongeza kwamba Bajaj ni kampuni ileile ya India iliyotupatia neno bajaji kwa chombo cha magurudumu matatu, hivyo mtu anayesema amenunua Bajaj anaweza kuwa amenunua kitu tofauti kabisa na unachokifikiria.

Vigezo vitakavyotumika

Kigezo cha kwanza ni gharama ya kuifikisha pikipiki barabarani, ambayo si sawa na bei iliyobandikwa kwenye tangi. Bei hiyo inaweza kujumuisha usajili wa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), namba na kadi, au isijumuishe, na swali hili linapaswa kuulizwa kabla ya kuanza kupatana. Juu yake kuna bima ndogo ambayo ni ya lazima kisheria, kofia ngumu mbili, koti la mvua na kufuli imara. Mnunuzi anayemaliza fedha zote kwenye pikipiki yenyewe hujikuta akiendesha mwezi wa kwanza bila vitu hivyo, na mwezi huo ndio anaokuwa mgeni zaidi barabarani.

Vigezo vinavyofuata ni matumizi ya mafuta. Upatikanaji wa spea na mafundi. Uwezo wa kubeba mzigo na kustahimili barabara mbovu. Breki na utulivu katika mwendo wa barabara kuu. Na mwisho, bei utakayopata siku ya kuiuza.

Sivipi vigezo hivi uzito sawa. Kwa mtu mwenye kipato kidogo, spea na fundi vinatangulia vingine vyote, kwa sababu pikipiki iliyolala gereji siku tano ikingoja kifaa kutoka Dar es Salaam inakula fedha mara mbili: nauli ya daladala au bodaboda ya kila siku, na malipo ya kifaa chenyewe ambacho muuzaji anajua huna pengine pa kukipata. Zaidi ya hapo, fundi aliyefungua injini ya aina moja mara mia moja huusikia ugonjwa wake kwa masikio kabla hajashika spana, ilhali fundi yuleyule akipewa injini ngeni hujifunza kwa gharama yako. Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, inafaa kwenda kwanza kwa fundi wa mtaani kwako na kuhesabu ni pikipiki za aina gani zimesimama mbele ya kibanda chake, zile zinazotengenezwa na zile zilizokwisha kupona.

Bajaj Boxer BM150

Boxer ina injini ya cc 144.8 inayopozwa kwa hewa, yenye nguvu ya farasi zipatazo 12, na toleo lililoenea zaidi lina gia 4. Ukizisoma tarakimu hizo kwenye karatasi hazivutii. Bajaj walipoitoa sokoni India mwaka 2011 haikuwateka wanunuzi wa huko, ambao wanaponunua pikipiki ya cc 150 hutafuta kasi na sura. Barani Afrika ilipokelewa vingine, kwa sababu injini hii inatoa nguvu yake ikiwa bado katika mzunguko wa chini, na hilo ndilo analolihitaji mtu anayepanda mlima na abiria mmoja na gunia la mahindi bila kulazimika kushusha gia kila baada ya kona.

Katika gharama ya kununua, Boxer haimo kati ya rahisi. Kwa kawaida bei yake iko juu ya HLX 125 na juu zaidi ya zile za Kichina. Mafuta inatumia kwa kiasi, si kwa uchoyo. Inapokuja spea, hapa ndipo inapokaa kwenye kiti chake: kuanzia maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, hadi duka la kijijini linalouza sabuni na vocha, utapata plagi, nyaya za klachi, cheni na sproketi, shuu za breki na pleti za klachi za Boxer. Umaarufu huo huo, hata hivyo, umezaa spea bandia nyingi, zenye boksi linalofanana na la asili hadi herufi. Pleti za klachi za bandia hujionyesha mapema, injini ikinguruma zaidi huku mwendo hauongezeki, lakini cheni ya bandia huweza kukaa kimya hadi ikatike. Wanunuzi wenye uzoefu humwendea muuzaji mmoja waliyemzoea na kumrudia yeye tu, hata akiwa ghali kidogo.

Kwa mzigo na barabara mbovu, siti yake ndefu, kereya ya nyuma na shokapu zenye springi mbili kila upande zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Upungufu wake unajitokeza kwenye barabara kuu. Toleo la kawaida lina breki za ngoma mbele na nyuma, ambazo zinatosha mjini lakini huhitaji kupangwa mapema unapokuwa nyuma ya lori kwenye mteremko. Na kwa kuwa gia ni 4, ukivuka mwendo wa kilomita 80 kwa saa injini inaanza kutetemeka kwenye vishikio vya usukani na kwenye nyayo, hata safari ya kilomita mia mbili ikakuacha na ganzi mikononi. Anayekaa mjini hataliona hilo kamwe.

Katika kuuza tena, Boxer iliyotunzwa haikai sokoni siku nyingi. Upande wa pili wa sifa hiyo ni kwamba wezi nao wanajua hivyo, kwa kuwa pikipiki inayofunguliwa vipande huuzwa haraka kama spea. Anayeinunua ahesabu kufuli ya gurudumu na mahali pa kuilaza kuwa sehemu ya bei.

Inamfaa mtu anayebeba watu au mizigo karibu kila siku, anayeishi mbali na mji mkubwa, au anayepanga kuiuza baada ya miaka miwili ili aongeze fedha kwenye jambo lingine.

TVS HLX 125

HLX nayo inatoka India, kwa kampuni ya TVS, na imeundwa kwa kuangalia masoko kama yetu. Toleo la 125 lina injini ya cc 124.5. Tofauti yake na Boxer kwenye karatasi ni cc 20 tu, lakini barabarani tofauti hiyo ina maana katika sehemu mbili, moja kwa faida ya HLX na nyingine kwa hasara yake.

Faida ni mafuta. Injini ndogo inayoendeshwa kwa utulivu mjini, na dereva mmoja juu yake, huhitaji kidogo, na kwa mtu ambaye kazi ya pikipiki yake ni kumtoa Chanika asubuhi na kumrudisha jioni, akiba hiyo inajirudia kila siku ya kazi. Bei yake ya dukani pia kwa kawaida ni nafuu kuliko ya Boxer 150, ijapokuwa si kwa kiasi cha kuamua jambo peke yake.

Hasara ni mlima na uzito. Ukiwa na abiria mnene na begi, ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, HLX 125 itafika, ila utashusha gia mara nyingi na utaacha bodaboda wa Boxer wakupite. TVS wanalo jibu la hilo katika HLX 150, ambayo huleta nguvu inayokaribiana na ya Boxer kwa matumizi yanayokaribiana pia, na mtu anayeipenda TVS lakini anaishi milimani ailinganishe hiyo badala ya hii.

Kuhusu spea, hali inategemea ulipo kuliko ilivyo kwa Boxer. Katika miji mikubwa na ile iliyo kando ya barabara kuu hakuna shida yoyote, na kwa kuwa TVS nyingi zinafanya kazi ya bodaboda mafundi wameizoea kabisa. Ziko wilaya, hata hivyo, ambazo aina moja imetawala kiasi kwamba nyingine haiwekwi dukani, na ukiwa katika wilaya ya namna hiyo hoja zangu zote kuhusu mafuta zinapoteza nguvu. Breki za toleo la kawaida ni za ngoma, kama za Boxer, kwa hiyo hapo hakuna wa kumcheka mwenzake. Ikiuzwa tena inapata bei ya heshima, pungufu kidogo ya Boxer katika maeneo mengi.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni leseni. Madaraja ya leseni ya Tanzania yanatenganisha pikipiki zenye injini inayozidi cc 125, ambazo ni za daraja A, na zile zilizo chini ya kiwango hicho, ambazo ni za daraja A1. HLX 125 inaangukia upande wa chini. Nyingine zote katika ulinganisho huu zinaangukia upande wa juu. Anayejifunza sasa ni bora aombe daraja litakalomruhusu kupanda baadaye, lakini aliyekwisha kupata leseni yake aisome tena kabla ya kulipia cc 150.

Pikipiki ya Kichina ya cc 150 yenye injini ya CG

Kundi hili limedharauliwa kuliko linavyostahili, na limesifiwa na wauzaji wake kuliko linavyostahili vilevile, kwa hiyo inafaa kueleza lilivyo.

Katikati ya miaka ya 1970 Honda walitengeneza pikipiki iliyoitwa CG125 kwa ajili ya nchi ambazo wateja wake hawakuwa na utamaduni wa kupeleka chombo matengenezo kwa ratiba. Badala ya kuweka kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, juu ya injini na kuizungusha kwa cheni ndefu, waliiweka chini, wakaizungusha kwa gia, na valvu zikawa zinafunguliwa kwa vijiti viwili virefu vinavyosukuma kutoka chini. Matokeo yake ni injini isiyo na cheni ya taiming ya kulegea wala kupiga kelele, inayovumilia kusahauliwa, na ambayo fundi anaweza kuifungua chini ya mwembe akiwa na spana chache. Viwanda vya China viliuchukua muundo huo, vikaupanua hadi cc 150 na 200, na leo unaukuta ndani ya pikipiki zenye majina mengi tofauti kwenye tangi.

Kwa bei, hapa ndipo pa chini kabisa kwa pikipiki mpya. Spea za injini ni rahisi, na kwa kuwa muundo ni mmoja, kifaa cha jina moja mara nyingi kinaingia kwenye pikipiki ya jina lingine. Hakuna fundi asiyeijua injini hii. Nyingi huja na rimu za inchi 18, ambazo zinapita kwenye mashimo kwa utulivu zaidi kidogo kuliko za inchi 17, na kereya kubwa ya chuma.

Sasa upande wa pili. Injini ya CG ni bora kuliko vitu vinavyoizunguka. Nyaya za umeme, swichi, beringi za magurudumu, ubora wa rangi na wa bolti hutofautiana sana kati ya kiwanda na kiwanda, na hata kati ya shehena mbili za kiwanda kimoja. Mnunuzi mwerevu hutumia sehemu ya fedha alizookoa katika wiki ya kwanza: anakaza bolti zote, anapaka grisi beringi za usukani na za magurudumu, anafunga upya nyaya zinazogusana na fremu, na anamwaga oili ya mwanzo mapema bila kungoja. Asiyefanya hivyo hupoteza taa ya nyuma usiku wa mvua na kuilaumu injini.

Mafuta inatumia zaidi ya HLX, na mtetemo wake katika mwendo mkubwa ni wa injini ya zamani, kwa sababu ndivyo ilivyo. Breki za mbele ni za ngoma katika nyingi, ingawa baadhi huja na diski. Ukipata yenye diski ichunguze kama pedi zake zinapatikana kabla ya kufurahi. Katika kuuza tena ndiko inakoumiza zaidi, kwani thamani hushuka haraka katika mwaka wa kwanza. Ni lazima niseme pia kwamba si kila pikipiki ya China ni ya kundi hili: Haojue, kwa mfano, ni kampuni kubwa iliyoshirikiana na Suzuki kwa miaka mingi, na pikipiki zake zinastahili kupimwa peke yake, si kwa kuunganishwa na jirani zake wa dukani.

Inamfaa mwenye fedha kidogo kabisa anayetaka chombo kipya chenye kadi ya jina lake, mwenye mkono wa kushika spana au ndugu fundi, na ambaye ataitumia hadi ichoke bila kufikiria kuiuza.

Pulsar 150 au Apache RTR 160 iliyotumika

Hizi mbili naziweka pamoja kwa sababu anayetafuta moja huishia kuitazama nyingine. Pulsar ilianza kuuzwa India mwaka 2001. Toleo la 150 lina injini ya cc 149.5 yenye plagi mbili, gia 5, na tangi la lita 15. Apache RTR 160 ina cc 159.7, nayo ina gia 5. Zote zina diski mbele, tairi pana zisizotumia mpira wa ndani katika matoleo ya miaka ya karibuni, na uzito unaozifanya zitulie barabarani upepo wa basi unapokupiga ubavuni.

Kigezo cha breki na mwendo wa barabara kuu zinakishinda bila ubishi. Mtu aliyesafiri Dar es Salaam hadi Morogoro kwa Boxer, kisha akarudia safari hiyo kwa Pulsar, hahitaji kusimuliwa tofauti. Gia ya tano inaishusha injini ikapumua, diski inashika hata baada ya kupita dimbwi, na ukilazimika kumpita mtu unao uwezo wa kumaliza jambo hilo haraka.

Mengine yote yanadai uangalifu. Mafuta yanaliwa kulingana na mkono wa dereva, na pikipiki hizi humshawishi dereva. Spea zipo mijini lakini ni ghali kuliko za Boxer, na vipande vya plastiki vya ubavuni na taa ya mbele vikivunjika vinaweza kukugharimu kuliko matengenezo ya injini. Siti ya abiria ni fupi na ya juu, kereya ya mzigo haipo au imechomelewa na mtu asiye na huruma, na matope mazito hujikusanya kati ya tairi na madigadi. Kwa bodaboda ya kijijini si chombo chake.

Halafu kuna hatari ya kununua kilichotumika, ambayo nailipa aya nzima kwa sababu nimeilipia pia kwa fedha. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kuangalia pikipiki ya aina hii, nikaikuta injini yake ina joto. Muuzaji akaniambia ametoka nayo dukani muda si mrefu, nami nikaridhika, nikaiwasha ikaitika mara moja, nikalipa. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, ilichukua karibu nusu saa kuwaka, na ilipowaka ikatoa moshi wa buluu uliojaza uwanja. Tangu hapo nina kanuni: nafika bila kutoa taarifa ya saa kamili, nagusa injini kwa mkono, na ikiwa ya moto naomba kurudi kesho. Moshi wa buluu unaoendelea ni oili inayoungua, yaani ringi au sili za valvu zimechoka. Zungusha usukani taratibu kulia na kushoto gurudumu la mbele likiwa limeinuliwa. Ukikwama katikati kidogo, beringi zimekwisha, na huenda pikipiki imewahi kugonga. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi, herufi kwa herufi. Angalia kwa namba ya usajili, katika mfumo wa polisi wa faini za barabarani, kama ina madeni. Na usikubali kuachiwa kadi yenye jina la mtu wa tatu kwa ahadi kwamba mwenyewe atakuja kusaini. Umiliki ubadilishwe TRA muuzaji akiwepo, au biashara isubiri.

Bei ya kuuza tena ni nzuri kwa njia isiyotarajiwa: kwa kuwa aliyetangulia amekwisha kuibeba hasara kubwa ya mwanzo, wewe ukiitunza unaweza kuiuza kwa pungufu ndogo tu, ila mteja wake ni mmoja kati ya kumi, na unaweza kumngoja.

Hesabu ya mafuta, na hesabu ya mkataba

Watu hubishana sana kuhusu mafuta bila kufanya hesabu. Tuchukue mtu anayekwenda kilomita 60 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani kilomita 1,560. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa lita itamaliza lita 31.2, inayokwenda kilomita 40 itamaliza lita 39. Tofauti ni lita 7.8, na tukikadiria lita moja kuwa shilingi 3,000, ni shilingi 23,400 kwa mwezi, au 280,800 kwa mwaka. Si fedha ya kudharau, lakini pia si fedha ya kukufanya ununue chombo kisichobeba mzigo wako. Weka bei ya mwezi husika, ambayo EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, huitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kilomita zako mwenyewe. Kama unakwenda kilomita 15 kwa siku, hesabu hiyo inashuka hadi robo, na kigezo cha mafuta kinakaribia kutoweka.

Hesabu nyingine ni ya mkataba. Ambaye hana fedha taslimu anaweza kuchukua pikipiki kwa kupeleka hesabu ya kila siku hadi iwe yake. Kwa mfano, shilingi 12,000 kwa siku 6 za wiki kwa wiki 52 inafika 3,744,000, na mikataba mingine inapita mwaka. Izidishe kabla ya kusaini, kisha uilinganishe na bei taslimu ya pikipiki ileile, na uulize kwa maandishi nani analipa bima, nani anatengeneza ikiharibika, na nini kinatokea ukiugua wiki mbili. Katika mikataba ya aina hii Boxer na HLX ndizo utakazopewa mara nyingi, kwa hiyo uchaguzi wako unapungua hadi mbili.

Kwa hali yako

Ukiwa unafanya bodaboda, au unabeba mazao na abiria kwenye barabara za vumbi, anza na Boxer 150, na uiache tu endapo fundi na duka la jirani wamejaa TVS. Hapo HLX 150 itakufaa zaidi kuliko Boxer unayolazimika kuiagizia vipuri.

Ukiwa mwajiriwa wa mjini unayekwenda peke yako, kilomita nyingi kwa siku, kwenye foleni, HLX 125 ndiyo ya kuijaribu kwanza. Ukiwa mfupi au ndiyo unaanza kujifunza, kaa juu ya kila pikipiki ukiwa dukani na uone kama nyayo zako mbili zinagusa chini. Wauzaji hawakatai, na dakika hiyo inaweza kubadili uamuzi wote.

Ukiwa na fedha pungufu na unajua kushika spana, ya Kichina yenye injini ya CG ni chaguo la haki kabisa, mradi utenge fedha ya matengenezo ya wiki ya kwanza na usiwe na mpango wa kuiuza ndani ya mwaka. Ukiwa na fedha hiyohiyo pungufu lakini hujui spana wala huna fundi unayemwamini, ngoja miezi mitatu uongeze ufikie HLX.

Ukiwa unasafiri barabara kuu kila mwisho wa wiki, tafuta Pulsar au Apache iliyotumika, kwa subira, ukiwa na fundi wako pembeni na malipo yake yakiwa yamo katika bajeti. Iwapo baada ya kuangalia tatu au nne hukuipata iliyo safi, Boxer mpya itakufikisha vilevile, kwa mwendo wa kilomita 70, ukisimama Chalinze kunyoosha mikono.